Kila Baridi Tulipanga Kwenda Ziwani

Nyumbani kwetu Darsait, hapa Maskati, baridi haikuanza kwa kalenda. Ilianza siku Baba alipozima kiyoyozi cha ukumbini, akafungua madirisha yanayotazama gereji ya jirani, akavuta pumzi ndefu iliyojaa harufu ya rangi ya magari, kisha akasema, "Haya. Mwaka huu tunakwenda." Mama alimjibu kutoka jikoni bila hata kutoa kichwa: "Enda salama, utukute salama." Hapo kaka yangu na mimi tulijua msimu umeshafunguliwa.

Tulikokuwa tukienda ni mji mdogo wa Uturuki ulioko milimani, kando ya ziwa. Baba hakuupata kwenye ramani. Mwenzake wa ofisini, pale wizarani Al Khuwair alikofanya kazi mpaka alipostaafu, alikwenda huko likizo na mkewe, akarudi na picha kwenye simu. Baba aliitazama picha moja mpaka simu ikajizima mkononi mwake. Maji ya kijani yaliyotulia, misonobari imeshuka mpaka ukingoni, ukungu umekalia mapaa ya nyumba za mbao, msikiti wa minara miwili pembezoni mwa maji, na huko juu theluji. Alirudi nyumbani jioni ile, hakuvua hata kofia. "Nimeona kwetu," alisema.

Kwao si Uturuki. Baba alizaliwa bara, katika mji wa milimani kando ya Ziwa Kivu, mtoto wa mwenye duka la nguo, kizazi cha Waarabu walioingia ndani kabisa ya Afrika wakasahau walikotokea. Aliondoka kule kijana, ndevu ndiyo kwanza zinachomoza, akaja Maskati na sweta ya sufu mwilini katikati ya mwezi wa saba. Kila aliyempokea alimcheka. Kurudi alikotoka hakutaka. Ndugu walishatawanyika, duka na nyumba vilishaangukia mikononi mwa watu asiowajua, na vita vilishapita pale zaidi ya mara moja. "Nikamwamkie nani?" alikuwa akituuliza. Lakini ile baridi ya asubuhi, ya ukungu unaopanda kutoka ziwani na kuingia mpaka chumbani, hiyo aliitamani kama mtu anavyotamani mapishi ya mamake.

Alitaka aionje tena, mara moja tu, na Mama awe pembeni yake. Sharti lake lilikuwa hilo. Mara ngapi tulimwambia aende na kaka, au aende nami? Alikataa katakata. "Baridi ya peke yako ni ugonjwa," alisema. "Ya watu wawili ndiyo starehe."

Na Mama sasa, Mama ni mtu wa Unguja. Wazee wake walimleta Maskati bado msichana, akakuta joto la kukaanga mayai juu ya bati, na hilo hakulilalamikia hata siku moja. Adui wake ni upepo. Feni ikielekezwa kwake hujitanda kanga mpaka masikioni. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeolewa na mtu wa milimani, na ndoa yao nzima ilikuwa vita vya kitufe cha kiyoyozi: huyu anashusha, yule anapandisha, na sisi watoto katikati mara tunatetemeka, mara tunatoka jasho.

Mama hakuikataa safari waziwazi. Angeliikataa, mambo yangelikwisha mwaka ule wa kwanza. Yeye alikuwa na udhuru, na kila mwaka alikuja na mpya, na Baba alikuwa na mwaka mzima wa kuutafutia jawabu. Ndiyo maana likazuka baraza letu la Ijumaa. Wanaume wakirudi msikitini, wali ukishaliwa, sinia ikishaondolewa, Baba alifuta mkono, akaegemea mto, akasema, "Tuendelee." Kaka alipewa kazi ya ndege, mimi kazi ya hoteli. Mama hakupewa kazi yoyote, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa kazi yenyewe.

"Huko tutakula nini?" Huo ulikuwa udhuru wa kwanza kabisa.

"Mama watoto, Waturuki nao wanakula," Baba alimwambia.

"Wanakula mikate na jibini. Mie tumbo langu la wali."

Basi Baba akapanga kasha la barafu. Watu wa Maskati hawasafiri bila kasha la barafu, lakini lile la Baba lilikuwa ghala: nguru aliyekatwa vipande na kugandishwa, sambusa, bizari, ndimu kavu, tende, mpaka ile sufuria ya umeme ya kupikia wali. Alimhesabia Mama vyote hivyo kwa vidole. Mama alisikiliza mpaka mwisho akauliza, "Na tutaswali wapi?" Baba aliingojea hiyo kwa hamu. Alimwonyesha minara miwili kwenye picha. "Adhana utaisikia umelala kitandani." Mama akanyamaza wiki nzima, na Baba akatembea Darsait nzima kifua mbele. Ijumaa iliyofuata Mama akasema, "Na haya magoti yangu?"

Yakaja magoti, ikaja harusi ya mtoto wa dadake, ikaja Umra ambayo ilibidi itangulie, maana mtu hawezi kwenda kustarehe kabla hajakwenda kuomba. Mwaka mmoja udhuru ulikuwa mrehani wake wa kwenye kopo pale barazani, nani atakayeumwagilia. Baba alicheka mpaka akapaliwa. "Mtu wa pwani we," alimwambia, "sema unaogopa tu."

"Naogopa ndiyo. Mtu wa bara we, kwani kuogopa haramu?"

Kuna mwaka Baba aliamua kwamba Mama hana tatizo na Uturuki, tatizo lake ni kutozoea. Akatuandalia mazoezi. Alifunga madirisha yote, akakishusha kiyoyozi mpaka nambari ilipogoma kushuka zaidi, akatugawia makoti na kofia za sufu alizonunua madukani Ruwi. Tukakaa wanne pale ukumbini na chai ya tangawizi, pumzi zetu tunazitafuta kama zinatoa moshi. Nje watu walikuwa wanatembea na kanzu zimewaganda mgongoni. Jirani yetu wa ghorofa ya chini, mwanamke mkarimu mwenye sauti ya kuita watu walioko mtaa wa Mutrah, akapanda kuomba vitunguu. Alifungua mlango, akatuona, akarudi nyuma hatua moja. "Mna homa nyote?" Mama, ambaye pua tu ndiyo iliyokuwa nje ya blanketi, akamwambia tuko Uturuki, aingie haraka afunge mlango, baridi inatoka.

Nikizikumbuka Ijumaa zile moyo hunijaa. Niliolewa, nikahamia Ansab, mtaa mwingine wa Maskati, kaka naye akaoa, lakini kila baridi tulirudi Darsait kupanga. Nimeshasafiri sehemu kadhaa tangu hapo, na nyingine zimenitoka kichwani mara tu niliposhuka ndege. Mji ule ambao sijaukanyaga naujua uchochoro kwa uchochoro. Najua hoteli ipi madirisha yake yanatazama ziwa na ipi inawadanganya watu kwa picha. Najua duka la mkate liko upande gani wa msikiti. Najua Baba atakaa kiti kipi.

Ugonjwa ulianza na vitu vidogo visivyomshtua mtu. Baba aliuliza jambo, akajibiwa, akaliuliza tena. Aliliita jiko bafu, tukacheka naye. Kisha siku moja imamu alimleta mwenyewe mpaka mlangoni, kamshika mkono, na Baba anatabasamu kwa aibu. Msikiti na nyumba yetu vinatenganishwa na barabara moja tu. Tulimpeleka kwa daktari, naye akatueleza taratibu, kwa Kiarabu chepesi, na Mama akawa anaitikia kila neno kwa kichwa. Hakutuambia tuna muda gani. Alisema tu kwamba kama kuna jambo tunataka kulifanya naye, tulifanye mapema.

Mwaka ule Baba hakuzima kiyoyozi. Hewa ya nje ilishapoa, watu walishaanza kula chakula cha usiku kwenye mabaraza, na madirisha yetu bado yamefungwa. Hatukumkumbusha, maana hatukujua kama kumkumbusha kutamfurahisha au kutamuumiza. Ijumaa moja, wali umeshaliwa, Mama aliinuka taratibu na magoti yake, akakizima kiyoyozi mwenyewe. Akafungua dirisha la kwanza na la pili. Akarudi kukaa.

"Haya," alisema. "Mwaka huu tunakwenda."

Baba alimtazama muda mrefu. Nilidhani hajaelewa. "Wewe?" aliuliza. "Na baridi?"

"Na baridi yake."

"Na magoti?"

"Yatabebwa."

Baba alijifunika uso kwa viganja vyote viwili akacheka, na kile kicheko kikageuka kilio katikati bila kubadilisha sauti. Nilikimbilia jikoni kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Tulikata tiketi wiki ile ile. Sasa tulikuwa tunashindana mbio na kichwa cha Baba. Tulitaka alione ziwa wakati bado anajua ni ziwa gani na ni nani aliyekaa pembeni yake, na kila asubuhi nilipompigia simu nikiwa kwenye foleni ya magari ya Al Khuwair nilisikiliza sauti yake ya kwanza, nijue leo tuko wapi. Siku nyingine aliniita kwa jina na kuniuliza kama ile hoteli imejibu. Siku nyingine alikuwa mpole kupita kiasi, na upole ule niliuogopa. Mama alikwenda Ruwi akajinunulia koti mwenyewe, akateta na muuzaji kwamba ni jepesi mno, la kitoto. Mama yangu, kulalamikia koti jepesi! Nilimpigia kaka kumsimulia, tukashindwa kuzungumza kwa kucheka.

Halafu bomba likapasuka kwa wapangaji wa juu, na dari ya chumba cha wazee ikavuja. Mafundi walitaka siku chache za kukausha na kupaka rangi. Nikawachukua wote wawili Ansab. Niliona ni jambo jema. Watapumzika, watabembelezwa, na Baba atazoea kulala nje ya kwake kabla ya safari.

Asubuhi ya kwanza nilimkuta kwenye geti langu. Kanzu kaivaa vizuri, kofia iko sawa, viatu kavishika mkononi. Alinitazama kwa ile adabu anayowawekea watu asiowajua.

"Dada," alisema, "hoteli yenu ni nzuri, Mungu awabariki. Lakini niitie teksi, tafadhali. Mke wangu bado kalala, na mimi nataka nijue kwanza njia ya kurudi kwetu iko wapi."

Nilimwambia teksi itakuja, apate kwanza uji. Nilijisikia mwenyewe nikimwita mzee. Sikuwahi maishani mwangu kumwita Baba kwa jina lolote ila Baba, na neno lile lilinirudia siku nzima kazini. Jioni zilikuwa mbaya zaidi. Kila giza likiingia alizunguka nyumba akijaribu vitasa vya milango, na Mama alimfuata nyuma, na akikaa alimshika Mama ukingo wa kanga asiuachie. Choo alikitafuta chumba kwa chumba. Mume wangu alibandika karatasi kila mlango, zikamtisha.

Asubuhi ya mwisho, ili mradi atoke tu nje ya zile kuta, niliwatia garini nikawapeleka kwenye mabwawa ya Ansab. Wenyeji wanayajua. Ni maji machafu ya mji yaliyosafishwa na kuachwa yatulie, matete yameota pembeni, na majira ya baridi ndege wa miguu mirefu huja kutoka huko wanakotoka kuja kuota jua letu. Nyuma yake kuna milima yetu, mikavu, isiyo na hata mti wa kuhurumia. Jua lilikuwa halijakaza na kulikuwa na unyevu umesimama juu ya maji.

Baba alishuka garini akasimama. Ile hofu ya siku zote zile ikamtoka. Niliiona inatoka, mabega yakashuka, mikono ikatulia. Alivuta pumzi kama alivyokuwa akivuta dirishani Darsait.

"Umeuona ukungu?" alimwambia Mama.

"Nimeuona," alisema Mama.

"Nilikwambia." Akavua shali yake ya mabegani akamfunika Mama, akaivuta vizuri shingoni, akaingiza ncha ndani. "Jifunike. Baridi ya ziwani ni ya hila, mtu anaipata usiku." Haikuwa baridi. Nilikuwa nimevaa nguo ya mikono mifupi chini ya abaya na nilianza kutoka jasho. Mama aliiacha shali pale pale, akamwegemea, wakatazama ndege mpaka jua likawa kali.

Tukiwa njiani kurudi, Baba kalala kiti cha nyuma, Mama alisema, "Futa tiketi."

"Mama, labda daktari akimpa dawa ya kumtuliza..."

"Nimesema futa. Ansab hapa, kwa mwanawe, hajui mlango wa choo. N'ende naye Uturuki akanipotelee thelujini?" Akatazama dirishani, upande ambao sikuweza kumwona uso. "Miaka yote ile alikuwa mzima. Kanibembeleza na akili zake zote timamu, mie nnamwambia magoti. Magoti haya haya leo yananibeba."

Majuto ni mjukuu, husemwa, na wajukuu hawabishiwi.

Walirudi Darsait siku ile ile. Baba aliingia, akagusa ukuta, akakaa mahali pake chini ya dirisha, akanyoosha miguu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetua mzigo. "Alhamdulillah," alisema. "Tumekwenda, tumeona, tumerudi salama."

Kuanzia hapo Baba alikuwa ameshakwenda. Katika kichwa chake siku zile za Ansab, na yale maji, na Ijumaa zetu zote, vilishonwa pamoja vikawa safari moja isiyo na mshono unaoonekana. Alitusimulia hoteli yenye dirisha la ziwani. Alitusimulia adhana aliyoisikia kitandani na mkate wa moto wa upande wa pili wa msikiti, na ndege, na ukungu. Alinisimulia mimi kuhusu mimi. "Pale hotelini kulikuwa na msichana mmoja ana adabu sana," aliniambia. "Alinipikia uji. Sikumpa hata bakhshishi, imenikera." Nilimwambia msichana yule hakika hakutaka bakhshishi.

Kaka na mimi tuliona ni rehema. Tulimwacha aseme, na tukamuuliza maswali ili aendelee. Mama hakuona hivyo. Mama ni mtu ambaye akikopa kikombe cha sukari hurudisha na kilichomwagika. Kila Baba alipoanza, alimkatiza, kwa upole lakini alimkatiza: "Hatujaenda, bwana. Ulikuwa Ansab, kwa mwanao." Na kila mara uso wa Baba ulizima. Alinigeukia mimi, "Hatujaenda?" na mimi nikatazama chini. Kisha hakusema neno mpaka Magharibi. Kesho yake alikuwa ameshasahau kwamba aliambiwa, akaanza upya kwa furaha ile ile, na Mama akamwambia tena. Kila siku aliipata safari yake akanyang'anywa.

Nilimkabili Mama jikoni, na nakiri nilipandisha sauti. Nilimwambia anamuua.

"Mie sijamdanganya mume wangu tangu siku nloingia ndani mwake," alinijibu. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho. "Alipokuwa na akili ya kunikamata sikumdanganya. Nianze leo, hawezi kunikamata? Huo si ndo wizi wenyewe?"

Nilikasirika kwa sababu sote wawili tulikuwa na haki. Yeye analinda kitu alichojenga maisha yake yote, na mimi nataka Baba abaki na uso ule anaokuwa nao anapotaja ukungu. Katika hayo mawili moja lilikuwa lazima livunjike, na aliyekuwa akiumia kila siku ni Baba.

Aliyetuamulia ni jirani wa chini. Baba alikutana naye kwenye ngazi, akamwambia ndiyo kwanza amerejea safari na mkewe, kutoka ziwani, milimani. Kwetu mtu akirudi safari kuna mambo yake, hayangoji kuulizwa. "Hamdillah ala salama!" jirani alipiga ukelele, jengo zima likasikia. Baada ya Alasiri akapanda na sinia la maandazi na nyama, mumewe nyuma yake, na nyuma ya mumewe wazee wawili wa msikitini, marafiki wa Baba, kila mmoja na kitu mkononi, wote wanakuja kumpa mkono msafiri.

Mama alinivuta jikoni. Sijawahi kumwona vile, kanga inamtoka kichwani. "Wa nini wote hawa? Sasa nnawaambia nini? Niwafukuze watu wamekuja na sinia?"

"Usiwaambie kitu," nilisema. "Tutie kahawa tu."

Tukatoka na birika, vikombe, halua na tende. Baba alikuwa amekaa wima katikati yao, na nilisimama na birika mkononi nikasahau kumimina. Huyu ndiye Baba wa Ijumaa zetu. Alikuwa anawapeleka ziwani, hatua kwa hatua, anawaonya mahali panapoteleza, anawaonyesha kwa mkono theluji iko umbali gani. Wazee walisikiliza vikombe vimesita midomoni. Mmoja aliuliza kama maji yale yanafaa kutawadha au yanauma mno, na Baba akamjibu kwa kirefu. Alimsifu yule msichana wa hoteli, kisha akanitazama mimi niliyekuwa nampa kikombe. "Wallahi anafanana na huyu," aliwaambia.

Halafu jirani, mwenye sauti ile, akamgeukia Mama. "Na wewe shoga? Wewe unayekimbia feni! Hebu tuambie, umeionaje?"

Mpaka leo sijui kama jirani yule alikuwa hajui. Alituona tukiondoka na mikoba miwili midogo na kurudi baada ya siku chache tu, na mafundi wa rangi walipita mlangoni kwake. Lakini aliuliza, na chumba kizima kikamgeukia Mama. Baba naye alimgeukia. Nikaona kwenye uso wake ile hofu ndogo ya mtu anayejua kuna kitu hupokonywa kila siku asikumbuke ni nini.

Mama aliweka kikombe chini. Hakumtazama jirani. Alimtazama Baba.

"Nilichelewa," alisema. "Hilo ndo nnalojuta. Huyu kaniita miaka na miaka, mie leo magoti, kesho harusi, kesho kutwa mrehani. Lau ningelijua vile atakavyofurahi, ningelikwenda siku ya kwanza alonambia."

Hapakuwa na uongo hata chembe ndani yake. Wazee waliitikia kwa kuguna. Baba alinyoosha mkono wake mwembamba juu ya sinia la halua, akaupata wa Mama, akaupigapiga mgongoni kama anavyotulizwa mtoto.

"Si neno," alimwambia. "Mwisho si ulikuja?"

"Ndiyo, bwana," alisema Mama. "Nilikuja."